Miguu ya mbele ya Datsun 240Z: tathmini ya gereji moja ya Chang'ombe

Gereji ninayoitathmini hapa iko Chang'ombe, jijini Dar es Salaam, katika mitaa ya maghala na viwanda vidogo iliyo upande wa Temeke wa Barabara ya Nyerere, na haina bango lolote getini. Wateja wake wengi ni wenye malori madogo na Land Cruiser za kazi; magari ya zamani ya michezo huingia humo kwa nadra. Nililipeleka huko gari langu, Datsun 240Z la mwaka 1972, gari la michezo la kampuni ya Nissan, kwa kazi moja mahususi, nayo ni kufufua miguu ya mbele, yaani springi, shokapu na mikono inayobeba magurudumu, na kisha kupiga alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu hayo. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: kazi ya chuma na mpira waliifanya kwa kiwango ambacho sijakikuta kwingine jijini, alaimenti ilitoka vizuri kwa sababu fundi mkuu aliisimamia mwenyewe, na namna wanavyomhudumia mteja inahitaji marekebisho makubwa.

Gari hili si geni kwa watu wazima wa Afrika Mashariki. Ndilo lililoshinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Historia hiyo imewafanya baadhi ya mafundi waamini kwamba miguu yake haifi, ilhali magari yale ya mashindano yalikuwa yakifunguliwa na kufungwa upya mara kwa mara na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Mpangilio wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Kila upande wa mbele una strati ya MacPherson, yaani nguzo iliyobeba springi na shokapu kwa pamoja, chini yake kuna mkono mmoja wenye boljointi, yaani kiungo chenye kichwa cha duara, na mkono huo unazuiwa usiende mbele na nyuma na tensheni rodi, fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye mabano ya chasisi kwa bushi mbili za mpira. Usukani ni wa raki, yaani fimbo yenye meno inayosogea kando ili kugeuza magurudumu. Jambo kubwa ambalo mwenye gari hili hana budi kulijua ni kwamba kiwandani hapakuwekwa mahali pa kurekebisha kemba, yaani kuinama kwa tairi ndani au nje likitazamwa kutoka mbele, wala kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona. Kinachorekebishika ni toini peke yake, ile tofauti ya upana baina ya ncha za mbele na za nyuma za matairi mawili. Kwa hiyo kemba au kasta ikiharibika, ujue kuna kitu kimelika, kimepinda au kimeoza, na hakuna mashine ya alaimenti itakayokirudisha mahali pake.

Malalamiko yangu yalikuwa matatu. Usukani ulikuwa ukitetema kuanzia mwendo wa kilomita 85 hivi kwa saa na kutulia ukivuka 100; mbele kulikuwa na mlio wa kugonga kila nilipovuka tuta; na tairi la kushoto lilikuwa likila upande wa ndani. Kutetema huko ni ugonjwa unaojulikana na wenye 240Z dunia nzima, na ugumu wake ni kwamba chanzo huwa mara chache ni kimoja. Matairi yasiyo na balansi nzuri huuanzisha, kisha kila bushi iliyochoka kati ya gurudumu na mikono ya dereva huukuza. Gereji nyingine, ambayo sitaitaja, ilikuwa imelipigia gari hili alaimenti zaidi ya mara moja bila kugusa bushi hata moja. Kila mara gari lilitoka likiwa limenyooka, na baada ya muda mfupi wa matuta na mashimo ya Barabara ya Mandela likarudi kulekule.

Fundi mkuu wa Chang'ombe hakukubali hata kulisogeza gari kwenye mashine kabla ya kulikagua. Alilinyanyua, akaliweka juu ya stendi, akashika tairi juu na chini na kulitikisa, kisha akalishika kushoto na kulia. Kucheza kwa juu na chini kulikuwapo pande zote mbili. Hapo akamwambia kijana wake akae ndani na kukanyaga breki, akatikisa tena. Upande wa kulia kucheza kukatoweka. Upande wa kushoto kukabaki. Maelezo yake yalikuwa mafupi: breki ikikanyagwa, habu, yaani kitovu cha gurudumu, na strati hushikana kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kucheza kukipotea tatizo ni beringi, na kukibaki tatizo ni boljointi. Sijawahi kuona ukaguzi wa dakika chache unaotenganisha spea mbili kwa uhakika namna hiyo bila kufungua nati hata moja.

Kisha akaingia chini na kuweka kidole kwenye raki huku kijana akiuchezesha usukani kidogo kidogo. Raki nzima ilikuwa ikihama kando kabla magurudumu hayajaanza kugeuka, kwa sababu mipira miwili inayoishikilia ilikuwa imelainishwa na oili iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye injini. Aliniita nami niweke kidole palepale, na nilihisi mhamo huo waziwazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu kubwa ya kutetema kwa usukani ilipokuwa imejificha, ingawa yeye alikuwa mwangalifu na hakukubali kuapia chanzo kimoja.

Bushi za tensheni rodi ndizo zilizokuwa na hali mbaya kuliko vyote, zimebanwa hadi kuwa nyembamba kama biskuti, na upande wa kushoto chuma kilikuwa kimeanza kugusana na chuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikigonga kwenye matuta. Nilikuwa nimekuja na seti ya bushi ngumu za poliurethani, kwa hoja kwamba joto la Dar es Salaam na oili huumaliza mpira haraka. Fundi alizigeuzageuza mkononi, akazirudisha mbili mezani. “Mzee, hiki chuma kinapanda na kushuka kila mguu unapofanya kazi,” alisema. “Ukikibana kwa kitu kigumu mbele na nyuma, kitapinda palepale kwenye nyuzi mpaka kikatike, na kikikatika ukiwa kwenye breki gurudumu linarudi nyuma.” Alichofanya ni kuweka bushi ngumu mbele ya mabano, upande unaobeba nguvu ya breki, na mpira wa kawaida nyuma, ili rodi ipate nafasi ya kucheza. Ushauri huo ndio uleule ambao wenye 240Z wazoefu wamekuwa wakipeana kwa miaka mingi baada ya rodi kukatika, na kuusikia kutoka kwa mtu ambaye siku nyingi za wiki anafunga springi za malori kulinitia imani kuliko cheti chochote cha ukutani.

Mabano yenyewe yalihitaji jicho la ziada. Aliyakwangua kwa patasi na brashi ya waya mpaka chuma cheupe kikaonekana, na chini ya tabaka la rangi nyeusi, ambalo mtu fulani wa zamani alilipaka kuficha mambo, kulikuwa na ufa upande wa kushoto. Gari la chuma chembamba kama hili likikaa karibu na bahari huliwa kutokea ndani, na mabano ya tensheni rodi yako pabaya, pale ambapo gurudumu la mbele hurusha maji na mchanga. Gereji nyingi zingemwaga mstari wa kuchomelea juu ya ufa na kupaka rangi. Hapa walikata kipande kilichooza, wakachonga bati jipya la unene uleule, wakalichomelea kwa vituo ili joto lisipindishe chasisi, na kabla ya kufunga chochote fundi akapima umbali wa mabano yote mawili kutoka kwenye tundu moja la kiwandani ili kuhakikisha yako sawa. Kipimo hicho kina uzito wake, kwani mabano yakikaa nyuma au mbele kidogo upande mmoja, kasta ya pande mbili inatofautiana na gari litavuta maisha yake yote.

Kuhusu spea, asitegemee mtu kuzikuta kwenye maduka ya spea ya Shaurimoyo. Niliulizia huko boljointi na mipira ya raki na nikatajiwa kila aina ya Nissan iliyozaliwa miaka thelathini baadaye. Mipira, boljointi na shokapu za KYB niliziagiza nje mwenyewe. Marekani ndiko 240Z nyingi zilikouzwa, na biashara ya spea zake huko bado iko hai. Beringi ni habari nyingine: beringi za tepa za magurudumu ya mbele zina namba iliyochongwa kwenye chuma, na duka la beringi Gerezani lilizitoa kwa kusoma namba hiyo tu, bila kuuliza gari ni la aina gani.

Kazi ya shokapu ilinifurahisha kwa sababu ndiyo inayoharibiwa kirahisi zaidi. Katika strati ya gari hili mtu habadilishi mguu mzima. Hufungua nati kubwa ya juu ya bomba, huchomoa shokapu ya zamani na kuteremsha mpya ndani ya bomba lilelile. Zilizochomolewa zilikuwa zimekufa kabisa, ukizikandamiza kwa mkono hazirudi, na ndani ya bomba hapakuwa na tone la oili. Fundi alilisafisha bomba, akamimina oili kiasi, kisha akaiteremsha shokapu mpya taratibu mpaka oili ikapanda karibu na mdomo. Oili hiyo haihusiani na kazi ya shokapu yenyewe. Hupeleka joto la shokapu kwenye ukuta wa bomba ili lipotee hewani, na bila hiyo shokapu mpya hupikwa ndani ya hewa tupu. Springi zilibanwa kwa vifaa viwili vya skrubu vilivyokaguliwa kwanza, na kijana aliyekuwa amesimama mbele ya springi aliondolewa kwa sauti kali. Naliandika hili kwa sababu nimeona gereji zinazobana springi kwa waya.

Hatua ambayo naomba kila mwenye gari aidai, awe na Datsun au gari jingine lenye bushi za mpira, ni ile ya kukaza nati. Bushi ya mkono wa chini haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa kati ya mirija miwili ya chuma na hujinyonga mkono unapopanda na kushuka. Nati zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira unashikwa ukiwa katika hali ya mguu ulioshuka, na gari likirudi chini unabaki umenyongwa saa zote, mbele ya gari inakaa juu kuliko inavyostahili, na bushi inachanika mapema. Hapa nati zote za mikono zilishikizwa tu kwa vidole, gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma, likabonyezwa kwenye pembe zake zote mpaka likatulia, ndipo fundi akajiviringisha chini na kukaza kwa spana ya kipimo. Ni kazi ya kuchosha katika ua usio na shimo la kuingilia, na hakuna aliyejaribu kuikwepa.

Gereji haina mashine ya alaimenti. Hupeleka magari kwenye duka la matairi lililo kando ya Barabara ya Nyerere, lenye mashine ya kamera, na mteja hulipa huko moja kwa moja. Duka hilo lenyewe ningelipa alama za wastani. Orodha ya magari ndani ya kompyuta haikuwa na 240Z, na mhudumu alitaka kuchagua Nissan nyingine ya ukubwa unaokaribiana, akisema itakuwa sawa tu. Haiwezi kuwa sawa. 240Z ilitoka kiwandani na kemba chanya isiyofika digrii moja, kasta iliyo chini kidogo ya digrii 3, na toini ya kati ya sifuri na milimita 3, ilhali magari mengi ya kisasa hupewa kemba hasi na kasta kubwa zaidi. Fundi alitoa karatasi yenye vipimo hivyo mfukoni na kumwomba mhudumu apuuze rangi nyekundu na kijani za skrini, asome tarakimu peke yake.

Kulikuwa na kikwazo cha digrii na milimita. Skrini ilionyesha toini kwa digrii, na vipimo vya kiwanda viko kwa milimita. Tairi la 175 kwa ringi ya inchi 14 lina kipenyo cha milimita 630 hivi, kwa hiyo milimita 3 za jumla ni kama dakika 16 za digrii (digrii moja ina dakika 60), zaidi kidogo ya robo digrii. Fundi alitaka milimita 2, ambazo ni dakika 11 hivi kwa magurudumu yote mawili, na hesabu hiyo alikuwa ameifanya tayari kwa kalamu pembezoni mwa karatasi yake.

Kabla ya kugusa tairodi, zile fimbo zinazounganisha raki na magurudumu na kurekebisha toini, alifanya jambo lililofichua ujanja wa gereji iliyotangulia. Aliuzungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, akagawa mizunguko hiyo nusu kwa nusu ili kupata katikati halisi ya raki, na tukaona usukani ukikaa mshazari. Chini, nyuzi za tairodi ya kushoto zilikuwa zimejitokeza kwa urefu wa kama kifundo kimoja cha kidole, na za kulia zilikuwa karibu zimezama zote. Tafsiri yake ni kwamba waliotangulia walizungusha tairodi ya upande mmoja peke yake mpaka toini ikasoma vizuri, usukani ukapinda, kisha wakaung'oa usukani na kuufunga upya ukiwa umenyooka. Mashine inaridhika, dereva anaridhika, na raki inafanya kazi nje ya katikati yake, gari likikata kona ya upande mmoja kwa duara kubwa kuliko upande wa pili. Fundi alirudisha usukani kwenye nafasi yake, akalinganisha nyuzi za pande zote, akaufunga usukani usigeuke, kisha akazungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kilekile mpaka dakika 11 zikapatikana. Kemba ilisoma dakika 40 kushoto na dakika 55 kulia, tofauti ya robo digrii, na kasta za pande mbili zilikaribiana mno kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuendelea kuzijadili.

Ningemwonya msomaji kuhusu kipimo kimoja cha mtaani. Watu wengi hutoka kwenye alaimenti, wakaachia usukani barabarani, gari likaelekea kushoto kidogo, na papo hapo wakahitimisha kwamba wameibiwa. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatelemke pembeni, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari lililo sawa kabisa litaelekea kushoto polepole. Kipimo cha haki ni eneo tambarare lisilo na mtelemko wa pembeni. Tulilijaribu langu kwenye uwanja wa lami wa ghala moja lililokuwa limefungwa, na likaenda moja kwa moja.

Barabarani mabadiliko ni makubwa. Kugonga kwenye matuta kumekwisha. Kwenye Barabara ya Bagamoyo, baada ya Bunju ambako mtu hupata nafasi ya kunyoosha mguu, usukani umetulia katika mwendo uleule uliokuwa ukitetema, na kilichobaki ni mtetemo hafifu sana ambao naushuku kuwa wa ringi moja ya zamani isiyo duara kamili. Usukani umekuwa mzito kidogo gari likiwa limesimama, jambo la kawaida kwa gari lisilo na pawa stelingi lililopokea mipira mipya, lakini ukianza kwenda unazungumza na mikono vizuri. Matairi ya mbele yanalika sawasawa upana wote hadi sasa.

Nije kwenye kasoro. Ahadi ya siku ya kukabidhiwa gari iliahirishwa na kuahirishwa tena, na si mara zote nilipigiwa simu. Nilifika nikakuta gari liko juu ya stendi bila magurudumu na fundi mkuu ameitwa Mbagala kwa lori lililokwama. Vijana huegemea madigadi wakiwa na spana mkononi, na gari lenye rangi ya zamani haliponi kwa mtindo huo. Baada ya kuona mkwaruzo wa kwanza nilinunua blanketi mbili na kuzifunika mwenyewe. Hawatoi risiti isipodaiwa, na makadirio ya bei hutolewa kwa mdomo, kisha kazi ya kuchomelea huongezwa juu yake. Nililipa shilingi 350,000 kwa kazi yote ya miguu, 80,000 kwa kuchomelea mabano, na 40,000 kwenye duka la matairi kwa alaimenti. Kwa kazi iliyofanyika naona ni bei ya haki, hata ya chini, ila ningependa kuijua mapema na kwa maandishi. Kwa upande mwingine, spea zote za zamani nilikabidhiwa ndani ya boksi bila kuziomba, pamoja na karatasi ya vipimo iliyochapwa kabla na baada.

Mwenye gari la aina hii anayefikiria kwenda huko na aje na spea zake mkononi, vipimo vya kiwanda vya gari lake, na kitu cha kufunikia madigadi. Akubaliane kwa maandishi kuhusu bei ya ufundi kabla gari halijanyanyuliwa, na aombe kuwapo siku ya alaimenti, kwa sababu sijui mhudumu wa duka la matairi angefanya nini fundi mkuu asingekuwa amesimama pembeni yake. Gereji hufungwa Jumapili. Ijumaa fundi mkuu huondoka kwenda msikitini na mara nyingi harudi hadi alasiri, hivyo gari la kukaguliwa siku hiyo ni vyema lifike kabla ya saa tatu asubuhi.